Sime ya Vyuma Viwili

Usingizi unamkuta Kiangi amekaa kwenye kigogo mbele ya tanuri lake, katika banda la nyuma ya jiko la mkewe, mchana kweupe, koleo bado iko mkononi. Msimcheke. Mtu amefua chuma wiki nzima, kiwiko kinamwaka, mgongo si wake tena, na kile anachokifua kimemkatalia. Ni sime, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na si sime ya kupeleka sokoni. Huko kwao Mlimo, ndugu wa tumbo moja wakikosana mpaka salamu ikafa, kila mmoja hutoa chuma cha nyumbani kwake. Mfua chuma huvikata vyuma hivyo vipande, akavipanga tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani, cha huyu, cha yule, cha huyu, cha yule, akaviunga kwa moto na nyundo mpaka viwe kitu kimoja, chenye mistari myeusi na myeupe inayokwenda sambamba toka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Sime hiyo ndiyo hukata nyama ya mbuzi watakayokula pamoja. Ikishika, ugomvi umekwisha. Ikipasuka, hakuna atakayewaita tena kupatana, na kila mmoja atausikia msiba wa mwenzake kwa watu. Sasa balaa ni hili: ndugu waliokosana ni Kiangi mwenyewe na mdogo wake Senkondo, na mfua chuma wa Mlimo ni Kiangi peke yake. Ndiyo mjue uchovu huu si wa mkono tu.

Aliyeanzisha habari yote ni dada yao, Nakiete. Alikuja na gunia, akalitua mlangoni, akasema, kaka, mimi nimechoka kula Krismasi mara mbili kama mwizi, huku nakuficha nilikotoka na kule namficha ninakokwenda, toa chuma chako uifue hiyo sime. Kiangi akatoa jembe la marehemu mama yao. Kisha akafungua gunia kuona mdogo wake ametoa nini, akasonya. Ilikuwa springi ya lori, imekatika vipande viwili. Alijua ni ya lori gani. Siku ya maziko ya mama, Senkondo alikuwa njiani na lori lile, springi ikakatika, akachelewa. Kiangi akakataa kungoja, akaamuru kaburi lifukiwe, na mdogo wake alipofika jioni, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi, akamwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba mama hakuwa na mtoto anayeitwa Senkondo. Tangu siku ile, basi. Na leo amenitumia kisingizio chake kwenye gunia, Kiangi alimwambia dada yake. Nakiete akajibu, wewe unga tu, maneno niachie mimi. Ameunga. Tabaka zikafunguka. Ameunga tena, zikafunguka palepale. Leo asubuhi ameunga kwa mara ya mwisho ya nguvu zake, zikafunguka kama kitabu, na kila mara anasema chuma cha Senkondo ndicho kibovu, kibovu kama mwenyewe. Moto umekila chuma, kimebaki cha jaribio moja tu, na mbuzi anachinjwa kesho. Kwa hiyo anafumba macho kidogo, kidogo tu, ayapumzishe na moshi.

Na moto unampisha. Makaa yanasogea huku na huku, kama watu wanaokaa mkao mwembamba kwenye benchi ili mgeni apate nafasi, na Kiangi anainama, anaingia, wala haungui. Ndani kuna barabara. Si moja, ni nyingi, zimelala sambamba, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, zinapinda pamoja na kunyooka pamoja, hazikutani popote, na yeye anatembea kwenye nyeusi. Anatembea. Miguu yake mizito, anatamani kukaa, lakini barabara yenyewe inasogea chini ya nyayo, na asiyetembea anarudishwa nyuma. Kwenye barabara nyeupe ya jirani kuna mtu anatembea sawa naye, akikaza naye anakaza, akilegea naye analegea. Kiangi anamwita, ndugu, hii njia inakwenda wapi, na yule mtu anageuka, na hana uso. Hana jicho, hana pua, hana mdomo, uso wote laini kama bapa la sime lililopigwa msasa, ila sauti inatoka, sauti ya mtu aliyechoka kuliko hata Kiangi. Kitendawili, inasema. Tega, anajibu Kiangi, maana mtoto aliyelelewa Mlimo akisikia neno hilo mdomo unajibu wenyewe, hata akiwa ndotoni, hata akiwa mgonjwa. Wawili wamelala kitanda kimoja, wamebanwa kwa nyundo, lakini hawagusani. Kiangi hafikirii hata kidogo, anasema, hicho ni chuma kizuri na chuma kibovu. Sicho. Basi ni mume na mke walionuniana. Sio. Nipe mji.

Mchezo ndivyo ulivyo, aliyeshindwa hutoa mji. Kiangi anampa Tanga, kwa sababu ni mkubwa na hana mtu wake kule wa kumsikitikia. Mara barabara zote zinajikunja na wako Tanga, lakini Tanga gani hii jamani, kuta zake zote ni za chuma kilichong'arishwa, kila nyumba inamwonyesha Kiangi akija na koleo yake, kila dirisha Kiangi, kila mlango Kiangi, na hakuna mtu mwingine mjini. Wanazunguka. Anajiona anazeeka kutoka ukuta hadi ukuta. Yule mtu asiye na uso, sasa ndiye kiongozi wake, anagusa ukuta kwa kidole, anasema, nimekaa mji huu, nimekula, nimelala, sikupata kitu, nipe mwingine. Kiangi anampa Korogwe. Wanafika Korogwe na Korogwe ni ule ule mji, ila umepinduliwa, milango iko juu, anatembea kichwa chini na damu inamjaa machoni, na kuta zinamwonyesha yeye tena. Nipe mwingine. Anampa Moshi, anampa Lushoto, anampa miji aliyoisikia redioni tu, na yote ni ule ule, barabara ile ile, uchovu ule ule, mpaka anasema, bwana mkubwa, sina miji zaidi, niache nikalale. Unao mmoja, anasema yule kiongozi. Nipe wa kwenu. Kiangi hataki. Lakini amechoka mno kubishana, na aliyechoka hutoa chochote, anasema, haya, chukua Mlimo.

Barabara nyeusi inakatika pale pale. Kiangi anajikuta yuko kwenye ile nyeupe, na begani amebeba springi ya lori, nzito, inamchoma shingoni kwa ukali wa pale ilipokatika. Viganja vyake vimejaa grisi. Mbele, juu ya mlima, anasikia chepe. Anaijua sauti hiyo, udongo ukianguka juu ya mbao, na anajua ni maziko ya nani. Anakimbia. Mlima unarefuka. Anapita shule, anapita kisima, anapita shule tena, anapiga kelele, ningojeni, na waombolezaji pembezoni mwa njia wanamgeuzia nyuso zisizo na kitu na kumwambia kwa upole, pole baba, tumeshafukia. Anakimbia tena, njia inaanza upya kutoka chini, shule, kisima, chepe, pole baba, tumeshafukia. Hajui ni mara ngapi. Anaanguka, anakwenda kwa mikono, anaiburuta ile springi kwa sababu haiwezekani kuitupa, na hatimaye anafika, na kaburi tayari ni tuta, na maua yameshawekwa juu, na pembeni amesimama mtu mmoja tu mwenye uso katika watu wote wale. Ni yeye mwenyewe. Ni Kiangi wa siku ile, amevaa koti lake jeusi la kazi za kanisani, amekunja mdomo. Yule aliyebeba springi anamwambia, lori liliharibika. Anayasikia maneno yanavyotoka, anayasikia yanafanana kabisa na kisingizio, na hana mengine, maana hayo ndiyo ya kweli. Lori liliharibika, nimetembea kutoka bondeni. Na yule wa koti jeusi anapaza sauti watu wote wasikie, mama hakuwa na mtoto anayeitwa Senkondo. Inauma. Jamani inauma, siwafichi, inauma kuliko moto, Kiangi analia kwa sauti pale juu ya tuta kama mtoto aliyenyang'anywa titi, na hakuna anayemshika bega.

Anapoinua kichwa watu wameondoka, kaburi limeondoka, amebaki na yule kiongozi, amechuchumaa, mbele yake amepanga vile vipande, vya springi na vya jembe. Kitendawili bado kiko, anasema kiongozi. Wawili wamelala kitanda kimoja, wamebanwa kwa nyundo, hawagusani, kati yao kuna nani? Kiangi anapangusa kamasi kwa mkono wa grisi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutembea anajibu kama fundi. Anasema, kati yao kuna uchafu, chuma chenye uchafu hakishikani na kingine hata ukipige mpaka kesho. Uchafu wa nani? Kiangi anaokota kipande cha springi, anakigeuza. Kinang'aa kama kijiko cha bibi harusi. Amekipiga tupa yeye mwenyewe kila siku, kwa hasira, akisema huyu lazima asafishwe. Anaokota kipande cha jembe. Kina gamba jeusi, kina udongo ulioungua, uso wote. Hiki umekipiga tupa? Sijakipiga. Hata mara moja? Hata mara moja, nimekipangusa kwa kitambaa tu. Kwa nini, fundi mzima wewe? Kiangi anakishika kile kipande kifuani. Ni jembe la mama, anasema, huu udongo ni wa shamba lake, umekauka pale, mimi ningemkwanguaje mama? Kiongozi analigusa lile gamba kwa kidole. Halafu anasema, na hapo ndipo ulipomfungia mwenzio nje, wewe umekaa na mama ndani ya lile gamba. Anasimama, anajinyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza zamu. Umekitegua. Miji yako hii, nakurudishia.

Kiangi anashtuka. Koleo imeanguka kwenye majivu, jua liko palepale bandani, kuku wa mkewe anachakura karibu na mguu wake. Anachukua vipande vya jembe, anakibana cha kwanza kwenye jiliwa, anachukua tupa. Mkono hautaki. Anaulazimisha. Tupa inalia, gamba linatoka, udongo wa mama unadondoka kwenye vidole vyake vya miguu, na chini yake chuma kinatoka cheupe, hakina tofauti na kile cha springi, ukivichanganya hutajua kipi ni cha nani. Machozi yanamtoka na anaendelea, hata hayapangusi. Anavipanga. Anavifunga waya. Anaviweka motoni, anavuta mivukuto, anavimwagia mchanga mweupe wa mtoni wa kuyeyusha uchafu, na chuma kinakwenda wekundu, kinakwenda manjano, kinakaribia ule weupe wa kutoa jasho ambao ndio chuma hushikana, na ukiupitisha kidogo kimeungua na hakuna kingine duniani cha kuanzia. Ananyanyua kwa koleo, anaweka juu ya fuawe, ananyoosha mkono wa kulia kuchukua nyundo, na mkono haupandi. Umekufa ganzi begani mpaka kwenye kucha. Anajaribu kwa hasira, anajaribu kwa kuomba. Haupandi, na chuma mbele yake kinaanza kupoteza rangi.

Hodi, inasema sauti mlangoni, na mwenye sauti hangoji karibu. Jua liko nyuma yake, ni kivuli kitupu cha mtu mpana, ananuka dizeli. Anapita, anaikamata nyundo kubwa kwa mikono miwili, anasimama upande wa pili wa fuawe, anapiga. Kiangi anasikia. Si ule mlio wa juzi, mkavu, wa debe. Huu unakwenda chini mpaka kwenye nyayo, mlio wa kitu kimoja. Cheche zinajaa banda. Anapiga tena, na tena, na Kiangi anasogeza chuma kwa koleo kidogo kidogo, na mistari myeusi na myeupe inaanza kutembea ndani yake, sambamba, mbali, kama ile ile aliyotoka kuikanyaga sasa hivi, mpaka anahisi fuawe inasogea chini yake na hajui tena kama ametoka kule au bado anaelekea. Mdogo wangu, anasema, wala hainui macho, anaogopa kuyainua. Mdogo wangu, niambie kweli, hapa niko macho au nimelala?

Kaka, geuza chuma, kinapoa.

Kiangi anageuza.