Debe la Mazingira la Mama Laith

Saa moja asubuhi, Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule, gari la viti saba lilisimama katikati ya mwinuko wa Jadaa, mjini Salt. Injini ilikuwa bado inanguruma. Itidal, ambaye wengi humwita Mama Laith, alikuwa kwenye usukani; alikuwa ameweka gia ya kwanza na kukanyaga mafuta hadi mwisho, lakini gari halikusonga. Nyuma yake pikapu ya mikate ilipiga honi.

"Mama mdogo, tushuke tusukume?" aliuliza mmoja wa watoto wa chekechea.

"Kaa kitako, Qais. Funga mkanda."

Alirudi kinyumenyume hadi penye tambarare, akazunguka kwa njia ndefu ya bondeni. Langoni Nuhad, mkuu wa chekechea, alikuwa akiwangoja.

"Mama Laith, wazazi wananipigia simu," alisema. "Gari linakwama, na watoto wanarudi nyumbani nguo zinanuka moshi. Nakupa hadi Alhamisi. Kama halipandi, itabidi nimpe njia hii dereva mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii. Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

Itidal alikuwa amesimamia maabara ya kemia katika shule ya sekondari hadi alipostaafu. Kubeba watoto ndiyo kazi pekee aliyoipata baada ya hapo, na aliipenda kuliko ile ya kwanza. Mchana huohuo alilipeleka gari eneo la mafundi.

Baba Sanad, mwenye gereji, alimsikiliza huku akimimina kahawa. Kabla hajajibu, binamu yake Fawzat alivuka barabara kutoka duka lake la spea.

"Hilo ni debe la mazingira," alisema Fawzat. Ndivyo kila mtu hapo anavyokiita kile kisanduku cha chuma kwenye bomba la ekzosi, chenye sega la kusafishia moshi. "Limeziba. Gari linakabwa koo. Ninalo la spoti, sega lake lina matundu makubwa. Ukilifunga, Mama Laith, utapanda Jadaa huku umekunja miguu."

"Usimsikilize huyu," alisema Baba Sanad. "Debe la spoti la nini, kwani anakwenda mashindanoni? Tunalifungua, tunatoa matumbo, tunalichomea tena. Gari linapumua. Nusu ya mji inatembea hivyo."

"Na nusu ya mji inakohoa," alisema Fawzat.

"Wewe unajali kifua cha nani? Unataka kuuza tu."

"Na wewe matumbo ukishayatoa unampelekea nani? Yana madini ghali, na mnunuzi wa vyuma hapiti hapa kusalimia tu."

Itidal aliweka kikombe chini. "Nani kati yenu amepima kama limeziba?"

Baba Sanad alikiri kwamba geji ya kupimia anayo, ila wateja wengi hawana subira. Aliitafuta kabatini. Alifungua sensa ya kwanza kwenye ekzosi, iliyo mbele ya debe, akafunga geji mahali pake. Kama debe limeziba, alieleza, moshi unarudi nyuma na mshale unapanda. Kisha alimwambia Itidal akanyage mafuta.

Injini ilipaza sauti. Mshale ulitikisika kidogo tu, ukabaki karibu na sifuri.

"Geji mbovu," alisema Fawzat.

Baba Sanad aliifungua, akaipuliza kwa mdomo. Mshale ulipanda. Aliingia chini ya gari na kuligonga debe kwa mpini wa bisibisi. Lilitoa mlio wa sufuria tupu. Walipolifungua waliona mstari wa kuchomea upande wa juu, usioonekana mtu akichungulia kutoka chini, na ndani hapakuwa na kitu. Sensa ya pili ilikuwa imesogezwa nje ya bomba kwa kipande cha chuma, ili taa ya onyo isiwake.

"Lakini gari nililipeleka kukaguliwa kabla ya kulinunua," alisema Itidal. "Ripoti ilisema chesisi nne nzuri, pembe zote."

Baba Sanad alicheka hadi akakaa juu ya tairi. "Nne nzuri! Watu wetu bwana! Pembe nne za chesisi tunazichungulia kama tunaposa, debe hakuna anayelitazama. Kumbe tumekaa hapa tunagombania kopo tupu."

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kununua la spoti," alisema Fawzat.

"Fawzat, ndugu yangu, fikiri," alisema Itidal. "Sasa hivi moshi unapita bila kizuizi chochote, na gari halipandi. Nikiweka lako, litapandaje?"

Fawzat alikuna shingo. "Hapo umenibana."

Debe halikuwa tatizo. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwingine. Baba Sanad alihamishia kazi kwenye mafuta. Gari likiwa limetulia, msukumo wa petroli ulikuwa sawa. Alipoongeza kasi, ulianguka.

"Unajaza kiasi gani?" aliuliza.

"Dinari tano tano, kama watu wote."

"Kama watu wote. Tangi halijai hata siku moja, pampu inanyonya uchafu wa chini."

Kesho yake alitoa pampu kutoka ndani ya tangi. Chujio lake lilikuwa jeusi, limeshikana kama uji uliokauka. Alibadilisha pampu na chujio, akaosha tangi. Walipanda pamoja mwinuko wa karibu na gereji, ambao ni mkali kuliko Jadaa. Gari halikusita.

"Imekwisha," alisema. "Debe nikurudishie lilivyokuwa?"

"Kwanza pima moshi."

Mashine ilionyesha kaboni monoksidi asilimia 0.9. Itidal alijua gesi hiyo ya sumu hainuki, na kwamba harufu waliyoilalamikia wazazi ilikuwa ya vitu vingine vinavyotoka pamoja nayo. Baba Sanad alikuta pia gasketi ya bomba la ekzosi iliyokatika na kuvujisha moshi chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo Qais hukaa.

"Weka gasketi mpya na debe jipya, la kawaida," alisema Itidal.

"La kawaida halitakuongezea nguvu hata kidogo," alisema Baba Sanad.

"Najua. Na la spoti kwa injini hii?"

Fawzat alitazama pembeni. "Kelele utaongeza. Nguvu, kidogo sana. Hutaihisi."

"Na linasafisha kuliko la kawaida?"

"Hapana. Pengine chini yake." Alikwenda dukani mwenyewe akalileta la kawaida.

Baada ya kulifunga, mashine ilionyesha 0.1. Baba Sanad alipima tena, akapata ileile.

Alhamisi asubuhi gari lilipanda Jadaa kwa gia ya pili likiwa na watoto wote, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Nuhad alikuwa amesimama langoni. Aliwateremsha watoto mmoja mmoja, akimkumbatia kila aliyeshuka na kunusa koti la mtoto. Qais alikuwa wa mwisho.

"Sabuni," alisema Nuhad. Aliinama dirishani kwa Itidal. "Jumapili umpitie pia binti wa familia ya Qaqish. Wanakaa juu zaidi, nyuma ya ngome."

Itidal aliuliza nyumba yao iko upande gani wa barabara.