Ubishi wa Bwana na Bibi Tanuri

Pale maabara walizoea kuwaita Bwana na Bibi Tanuri, kwa kuwa muda wote ungewakuta wameliinamia tanuri lao la umeme, wakichungulia kwenye kitundu cha kioo. Walikuwa watafiti wa mavi ya chuma, yaani ile takataka inayoelea juu ya chuma kinapoyeyushwa kiwandani. Mama mzazi wa Bwana hakuchoka kuwatania: "Nimesomesha mtoto mpaka chuo kikuu, kumbe nasomesha mtu wa kukodolea macho mavi!"

Kisha Bwana akafariki. Moyo ulimsimama ghafla akiwa anafunga kamba za viatu. Bibi Tanuri alirudi kazini peke yake, akakuta koti la mumewe bado linaning'inia nyuma ya mlango. Hakuligusa. Wenzake walimpa pole, wakamletea chai, halafu wakawa wanapita mlangoni pake wakinyata, kama vile msiba unaambukiza.

Marehemu alikuwa amemwachia ubishi usioisha. Mavi ya chuma yakipoa huwa jiwe gumu, lakini mengine, bila kuguswa na mtu, hupasuka na kumomonyoka yakawa vumbi laini kama unga. Mume alishikilia kwamba ni unyevu wa hewani unaoingia kwenye chokaa iliyomo. Mke akasema la, jiwe linajivunja lenyewe: likipoa, chembe za ndani hujipanga upya na kutaka nafasi kubwa zaidi, na nafasi hiyo haipo. Walibishana mezani mbele ya mama mkwe, walibishana kitandani. "Siku ukinionyesha linavunjika pakavu," mume alikuwa akisema, "nitakuvulia kofia." Na hata kofia yenyewe hakuwa nayo.

Asubuhi moja mjane aliweka sampuli ndani ya tanuri, akaziba kila upenyo na kuingiza gesi kavu isiyo na maji hata kidogo. Akapandisha joto mpaka jiwe likawa uji mwekundu, kisha akaanza kulishusha taratibu. Uji ukaganda, wekundu ukafifia. Mchana alikula mkate wake amesimama, tochi mkononi, jicho kiooni. Jiwe lilitulia tuli, jeusi, kama halina habari naye.

"Njoo basi," akalibembeleza.

Mara ufa. Kisha ufa mwingine, na jiwe zima likaporomoka, likawa vumbi la kijivu.

"Umeona?" akauliza akigeuka.

Hakukuwa na mtu. Akasimama pale na ushindi wake, hajui auweke wapi. Mwishowe akampigia simu mkwewe.

"Mama, nimemshinda."

"Nani tena?"

"Mwanao. Si unyevu. Limevunjika pakavu kabisa."

Yule mama akacheka, cheko likamkatikia njiani. "Huyo alikuwa mbishi tangu tumboni. Angekwambia hukuziba tanuri vizuri."

"Nimeziba, Mama."

"Una hakika?"

Hivyo hasa ndivyo mumewe angeuliza, na kwa mkwaruzo uleule wa koo. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo."

"Basi kesho rudia. Ukimaliza nipigie, mimi nitabisha kwa niaba yake."

Kesho yake akarudia, na jiwe likamomonyoka tena. Mkwewe alibisha kweli: pengine gesi ilikuwa na maji, pengine kile kikombe cha kuyeyushia kilikuwa na unyevu, pengine macho yamechoka. Bibi Tanuri akajibu moja baada ya jingine, akipandisha sauti kama zamani, mpaka fundi umeme aliyekuwa akipita akasimama kusikiliza, kisha akaenda zake.

"Haya," yule mama akasema hatimaye, taratibu sana. "Umeshinda."

Kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.