Ngazi Zilizojaa Theluji

Sturla Rygh aliwaondoa uwanjani kinamama wa wafeli, vile vikeki bapa vya siagi, bila hata kuvua glavu.

"Mmefanya kazi nzuri, lakini sasa tunacheza mashindano ya Ulaya," alisema mlangoni mwa kibanda chao. "Wageni wanakuja na kamera. Vyakula vitauzwa na kampuni ya Oslo. Nyie mnanuka siagi, mama zangu."

Alicheka peke yake. Åshild alikuwa ameuza wafeli na kahawa pale miaka ishirini na sita bila kulipwa hata krone moja, kama kisiwa kizima kilivyoitumikia klabu yake: kupaka rangi, kufua jezi, kukarabati viti. Kazi hiyo ya kujitolea waliiita dugnad, na hakuna aliyekwenda kabla Åshild hajampigia simu. Sturla, mkurugenzi wa mwaka wa pili, hakujua hilo.

Alijua mapato. Pesa za kufuzu, aliliambia gazeti, zilikuwa zimeshamezwa na mishahara na mkopo wa taa mpya. Faida ingetoka siku ya mechi yenyewe: tiketi elfu nne, vyakula, skafu, meza za wafadhili. Åshild aliisoma habari hiyo mara mbili. Sasa alijua pa kumpiga.

Theluji ilianguka usiku kucha kabla ya mechi. Asubuhi ilifika magotini. Trekta ilisafisha nyasi bandia vizuri, lakini trekta haipandi ngazi za majukwaani. Huko kunahitaji makoleo na watu sitini.

Saa nne simu ililia jikoni kwa Åshild, ambako wenzake wa kibandani walikuwa wakinywa kahawa. Aliongeza sauti ili wote wasikie.

"Mama Åshild, watu wako wapi? Ofisa wa usalama anasema ngazi zisipokuwa wazi kufikia saa nane, haingii shabiki hata mmoja!"

"Wapigie Oslo."

"Acha utani, mama. Oslo wameleta soseji, hawakuleta makoleo!"

"Basi wachote kwa soseji."

Jikoni wakaangua kicheko. Sturla akashusha pumzi. "Haya, kibanda chukueni."

"Sikitaki. Wenzangu wapo hapa, wanakusikia. Rudia yale uliyotuambia, neno kwa neno, kisha utuombe radhi. Ukimaliza tu, naita watu."

"Sasa hivi? Nimesimama na mfadhili hapa!"

"Na sisi tulikuwa tumesimama na wenzetu."

Åshild akakata simu.

Torbjørg, rafiki yake wa tangu utotoni, hakuwa akicheka tena. "Åshild, Eirik wangu anacheza leo. Bado kuna muda. Waite tu."

"Alisema tunanuka."

"Nilimsikia. Lakini mwanangu hajasema kitu."

Åshild alimmiminia kahawa. Simu ziliendelea kulia. Watu walimuuliza kama waende, naye akamwambia kila mmoja, "Hamjaitwa." Kutoka dirishani alimwona Sturla akichota theluji na tai yake shingoni, pamoja na makarani wawili na wauza soseji. Saa nane walikuwa hawajamaliza hata jukwaa moja. Ofisa akafunga mageti, klabu ikatangaza kurudisha pesa za tiketi zote.

Mechi ilianza saa moja kasorobo jioni. Waliitazama kwenye televisheni, uwanja ukiwa ng'ambo ya barabara tu. Dakika ya sabini Eirik alifunga. Akakimbilia jukwaani mikono juu, kama alivyozoea, akafika ukingoni na kukuta viti vitupu vimefunikwa na theluji. Mikono ikashuka polepole.

Torbjørg aliinuka, akavaa koti lake, akatoka bila kuaga.

Åshild alisikia mlango ukifungwa. Hakugeuka. Kamera ilikuwa imemwendea Sturla, ameketi peke yake kati ya safu tupu za wafadhili, naye Åshild akavuta kiti chake karibu na kioo cha televisheni ili auone vizuri uso wa mkurugenzi huyo.