Maneno ya Kifundo cha Mguu

Tangu mguu wake wa kulia uteguke, Msafiri, winga wa timu ya Chumbageni, alikuwa akicheza mpira usingizini. Ndotoni alikimbia bila kukanyaga chini, majani laini, watu kimya, na kila alipopiga krosi mpira ulipaa tu, haurudi. Akiamka, kifundo kimeumuka kama andazi.

Rafiki yake Fanueli, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alimwonya waziwazi. "Ukiuchezea mguu huu kabla haujapona, utauaga mpira. Mwone daktari Mzungu. Kiswahili hajui, nami siku utakayomwona nitakuwa Maramba, kwa hiyo maneno ya Kiingereza jifunze mwenyewe."

Basi akajifunza. Enko, kifundo. Pein, maumivu. Sweling, uvimbe. Spreni, kuteguka. Resti, mapumziko. Mchana aliyatafuna kama karanga. Akilala yakamfuata ndotoni, yakasimama uwanjani kila moja kwenye namba yake, naye akiyaita kwa sauti yampe pasi. Mkewe Saleha, ubavuni pake, akawa anasikiliza. Mahaba hayo! Mwanamke mwingine angehama chumba.

Siku ikafika. Msafiri akavaa kanzu safi, akaingia kwa daktari huku akijikaza asichechemee. Saleha akasimama mlangoni na buibui lake.

"Hau a yu?" daktari akauliza.

Loo! Na huyu ni mtoto wa Tanga. Kwetu mtu hata roho ikiwa kooni, akiulizwa hali hujibu hajambo kwanza. Ugonjwa huja baadaye, salamu zikiisha. "Fain, tenki yu," akajibu, mkono kifuani, akingoja aulizwe habari za nyumbani.

Hakuulizwa. Daktari akatabasamu, akamwonyesha mlango, akaita mgonjwa mwingine. Atasemaje pein, na hajambo ameshasema? Adabu ikamziba kinywa, akageuka aende zake, na moyoni anajua kwamba mpira ndio basi tena.

"Dokta!" Saleha akaingia, akiuonyesha mguu wa mumewe. "Enko! Pein! Sweling! Spreni!"

Daktari akapiga magoti, akamvua kubadhi, akabonyeza. Msafiri akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

"Resti," daktari akasema, akiufunga mguu bandeji. "Resti, resti, resti." Fainali na timu ya Mabawa ikawa imekwenda hivyo, lakini mguu umebaki.

Njiani alimwegemea mkewe, kichwa chepesi, kama mtu ambaye bado hajaamka. Aliona haya, na alimpenda hata machozi yakamlenga.

"Umeyajulia wapi yale?"

"Kwako, bwana wee. Ukilala ndipo unaposema kweli. Hujasikia mficha maradhi kifo humuumbua?"

Mara akawatokea Zubeiri, kapteni wao, amekunjua mikono. "Winga wangu! Hujambo?"

"Sija..." Msafiri akamtazama Saleha, akalikatiza neno.

"Siwezi, ndugu yangu," akasema. "Mguu unaniuma."