Shamba Lililofunguka Kwenye Diski Z

Saida, fundi wa kompyuta, alipofika Mugumu akitokea Bomani, Tarime, alikuta kompyuta ya ofisi ya wanyamapori imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kile ambacho watu hufunikia redio. Alikiondoa, akapuliza vumbi, akaiwasha. Katikati ya kioo palikuwa na aikoni moja iliyoandikwa "Picha za Robanda". Akaibofya. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikajibu kwamba mahali hapo hapapatikani. Kwenye safu ya diski za mtandao, Z ilikuwa na alama nyekundu ya X.

Nyuma yake, kwenye benchi la wageni, alikaa Felistas, mkulima wa Robanda, kiroba kitupu kimekunjwa mapajani. Tembo walikuwa wamekula mtama wake wote usiku mmoja. Mtendaji wa kijiji alipiga picha akazituma hapa, na picha hizo ndizo zingemfanya apate mahindi ya msaada, shamba lake nalo liwekewe askari wa doria. Bila picha, alivyosema mkuu wa ofisi, Bwana Nashoni, hapakuwa na tembo.

"Shikamoo mama," Saida alisema, akiwa ameinama kukagua kebo.

"Marahaba mwanangu. Itapona?"

"Ngoja tuone."

Kebo zilikuwa nzima, taa za mtandao zinapepesa vizuri. Tatizo lilikuwa jina. Aikoni ilikuwa ikiitafuta kompyuta ya zamani, ile iliyopigwa na radi wakati wa masika ikaishia jalalani. Odera, karani aliyekuwepo wakati ule, alikuwa ameshaambiwa ahamishie kila kitu kwenye mashine mpya. Alinakili aikoni tu kwenye flashi, akaileta hapa, akaaga na kuondoka zake kwa amani. Saida alikuwa ameliona kosa hilo Tarime nzima. Watu hudhani aikoni ndiyo mzigo wenyewe, kumbe ni kidole tu kinachoonyesha nyumba ilipo.

Ilimuuma kumwambia Felistas kwamba picha hazipo tena duniani, basi akachelewesha. Ili mikono ipate shughuli, aliikata diski Z, akaiunganisha upya kwa jina lile lile la mashine iliyokufa. Kompyuta ikakubali. Alama nyekundu ikatoka. Saida akabofya aikoni.

Upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ulitoka kwenye kioo, ukapeperusha karatasi za Bwana Nashoni. Hapakuwa na picha hata moja. Aikoni ilipokosa picha ilikuwa imekwenda moja kwa moja shambani. Mtama ulisimama mzima kwenye jua la alasiri, masuke yameinama kwa uzito, yakiyumba polepole mpaka mtu akiyatazama alisikia usingizi. Kweleakwelea wawili walitoka wakatua juu ya printa.

"Ni siku ile ile," Felistas alisema, akisogea. "Kabla hawajaja. Ile ndoo pale niliisahau mimi."

Bwana Nashoni alikuja amevaa miwani. "Mama, mtama si huu hapa? Mzima kabisa."

"Huo ni wa kabla, baba. Ungoje jua lizame, watakuja uwaone."

"Ofisi inafungwa kabla ya jua kuzama. Na mimi naandika ninachokiona."

Saida alishikwa na hasira, akajifanya anapangusa kibodi. Felistas aliupima mtama wake kwa macho. Akivuna, ataandikwa kuwa amevuna. Asipovuna, watoto watalala tena na uji mwepesi.

"Mkono unapita hapo?" aliuliza.

Saida alijaribu kwa kidole. Ndani kulikuwa na joto. "Unapita, mama."

Felistas aliazima kisu kwa mhudumu wa chai, akakunja mkono wa gauni, akauingiza mpaka begani. Saida alishikilia kioo kisianguke. Suke baada ya suke lilitoka, na makapi yakatua taratibu kwenye meza na kwenye nywele zao. Felistas aliimba puani wimbo wa palizi, bila maneno. Waliokuja kugongewa mihuri walikiruka kiroba wakaendelea na shida zao.

Kiroba kilipojaa, jua la shambani lilikuwa limezama, ingawa dirishani bado kulikuwa mchana. Kioo kikawa cheusi. Kwenye spika yakaanza kusikika mabua yakivunjika, polepole, na pumzi nzito.

"Ndio hao," Felistas alisema. "Baba, njoo uwasikie."

Bwana Nashoni alisikiliza kistaarabu. "Sauti si picha, mama. Saida, hebu punguza hiyo."

Saida alipunguza. Mpaka leo anajuta. Felistas aliondoka na mtama wake kwenye bodaboda, na jioni watoto walikula ugali, ugali mzuri wa kawaida. Kwenye jalada lake liliandikwa neno moja: amevuna.

Baada ya wiki Bwana Nashoni alimwita Saida tena. Benchi lilikuwa limejaa wakulima, kila mmoja na kiroba chake. Aliagiza kila aliyeliwa shamba atengenezewe aikoni yake. "Wavunie hapa hapa ofisini," alisema. "Tutapumzika na habari za doria."

Mwishoni mwa benchi alikaa Felistas. Alisema tembo wamepita tena, wameangusha ukuta wa jiko. Aliomba aikoni yake ifunguliwe tu.

Saida akaifungua. Shamba lilikuwa limevurugwa lote, mabua yamelala, nyayo kubwa zimejaa maji, na ndoo imepondwa. Hatimaye ushahidi ulikuwa kwenye kioo, mchana kweupe, kila mtu akiuona.

"Tazama, baba," Felistas alisema.

Bwana Nashoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma jalada kwanza. "Hili ni shamba la mtu aliyekwisha vuna," alisema kwa upole. "Mavuno huacha mabua, mama. Anayefuata."

Felistas aliingiza mkono kwenye kioo, akaitoa ndoo yake, akajaribu kuinyoosha kwa goti. Haikunyooka. Akaibeba hivyo hivyo, akaanza safari ya kurudi Robanda.