Mipira Inayokwenda Upande

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, fundi wa televisheni alipangusa meza ya sebuleni, akawasha mashine ya gemu, akamkabidhi shangazi wa mkewe pedi ya kuchezea. Mashine hiyo ililetwa dukani kwake na mteja ambaye baadaye alihama mji bila kuaga, na ubovu wake ulikuwa mmoja tu: diski iliyokuwa ndani ilikataa kutoka. Fundi alijaribu bisibisi, akajaribu kisu cha siagi, akafikia hatua ya kuibembeleza kwa maneno. Wapi! Diski ilikuwa ya besiboli, mchezo ambao hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuucheza, kwa hiyo nyumba nzima ikacheza besiboli, hata mimi mpangaji wao.

Na ni gemu kwelikweli. Aliyeitengeneza hakuwa na mzaha. Vivuli vya wachezaji vinatambaa juu ya nyasi kadiri jua linavyosogea. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akiinuka ana vumbi magotini, naye hulipangusa goti la kulia tu, la kushoto halimkeri. Kule juu kwenye viti yuko mtazamaji mnene anayepiga miayo na kuziba mdomo kwa adabu. Unaweza kukaa mchana kutwa unaangalia watu hawa bila kurusha mpira hata mmoja, na ndivyo alivyofanya mke wa fundi, muuguzi, siku alizokuwa hana zamu.

Shangazi yeye alirusha. Sheria hakuzijua, alijifunza kwa kufungwa, na alifungwa vibaya sana mwanzoni. Lakini mpira wenyewe aliufahamu kuliko mtu yeyote sebuleni, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuushona.

Kiwanda cha mipira kilikuwa upande wa pili wa reli. Mipira ilishonwa kwa mkono, sindano mbili na uzi mwekundu uliopakwa nta, kisha ikapigwa muhuri, ikafungwa kwenye maboksi na kusafirishwa. Hakuna mshonaji aliyewahi kuiona ikichezewa. Wengine walidhani ni ya kupamba makabati ya matajiri. Hata msimamizi hakujua, na kwa kuwa alitakiwa kutenganisha mizuri na mibaya, alibuni kipimo chake mwenyewe: aliubiringisha kila mpira juu ya meza ndefu. Uliokwenda moja kwa moja mpaka ukutani ulikuwa mzuri. Uliopinda njiani alituchorea msalaba wa chaki na kuutupa kwenye pipa; nasema alituchorea kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa na ndugu mle ndani.

Shangazi ni mashoto. Akimaliza kushona, uzi wa mwisho huufichia upande wa kushoto, na mipira yake yote hupinda. Msimamizi akamwondoa kazini, kwenye kiti chake cha dirishani. Hakumfokea, hakumtukana, alimwambia tu kwamba mkono wake umeharibika. Tangu siku hiyo Shangazi akiwa mezani huficha ule mkono chini ya kanga. Kazi aliitaka, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni lile neno. Alitaka msimamizi alifute kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa, Jumamosi ile, mpigaji wa upande wa pili aliugonga mpira vibaya. Badala ya kwenda mbele ukaja huku, ukatoka kwenye kioo cha televisheni, ukapita juu ya sukari na kutulia kwenye mto wa kochi.

"Shangazi, umekupata?" muuguzi akauliza.

"Hapana, umenipitia pembeni."

Fundi alikikagua kioo. Hakikuwa na ufa. Alisema kwamba waya mpya aliouweka nyuma ya televisheni unapitisha picha vizuri mno, na picha ikipita vizuri kiasi hicho, mambo kama haya hutokea. Akaondoa glasi kabatini, akaleta kapu la nguo na kuliweka mahali ambapo mipira ingeangukia. Kufikia jioni kapu lilikuwa nusu.

Shangazi aliugeuza ule wa kwanza mkononi. Uzi wa mwisho ulifichwa kushoto. Muhuri wa kiwanda ulikuwepo, na chini yake, kwa mtu anayejua pa kutazama, palikuwa na vumbi la msalaba wa chaki uliofutwa haraka haraka.

"Si ni ile waliyokukatalia!" muuguzi akasema, sauti ikipanda. "Kumbe waliiuza!"

Shangazi alikuwa akimwangalia mrushaji. Kwenye gemu ile mrushaji wake ni kijana mrefu mwenye masikio makubwa, na kijana huyo alikuwa amepewa mpira mwingine na refa. Aliugeuza, akaupapasa mshono kwa kidole gumba, akaurudisha. Akapewa mwingine, akaurudisha. Wa tatu ulikuwa wa Shangazi. Alipoupapasa upande wa kushoto alitabasamu kama mtu aliyekuta ufunguo wa nyumba mfukoni. Shangazi akabonyeza. Mpira ulikwenda umenyooka, umenyooka, halafu pale pale mbele ya mpigaji ukapinda. Mpigaji alizungusha gongo kwa nguvu zake zote akaambulia hewa, nusura aanguke. Uwanja mzima ulisimama. Mtazamaji mnene aliacha miayo.

Shangazi akautoa mkono wake chini ya kanga, akautazama mbele yetu sote. Nilifurahi, sioni haya kusema.

Ikawa ndiyo desturi. Kila wakimaliza kucheza, Shangazi alichambua kapu, akachukua mipira yake na kuirusha taratibu kwenye kioo, nacho kikaipokea bila kutikisika. Kijana wa masikio makubwa aliidaka mmoja mmoja na kumwinamishia kofia. Mipira mingine, ile iliyonyooka, walipewa majirani wakazuilia milango.

Shangazi akamtumia salamu msimamizi, aje aone. Akaja Jumapili, mtu mstaarabu, akavua viatu mlangoni. Walimketisha palipo pazuri. Aliangalia mchezo bila kugusa chai, na kijana alipopindisha mpira wa kwanza, msimamizi aliruka kutoka kwenye kochi.

"Mama! Umeona ulivyokata kona?"

"Nimeona, bosi. Huo nimeushona mimi."

"Na huu je?"

"Na huo."

Akaomba pedi, akacheza mwenyewe, akacheka hadi machozi yakamtoka. Alisema katika miaka yake yote kiwandani hakujua kwamba wanatengeneza kitu kizuri hivi. Kisha mpira mmoja ukatoka kwenye kioo na kumwangukia kiganjani. Kwa mazoea aliinama, akaubiringisha juu ya meza ya chai. Ukapinda, ukaangukia zulia.

"Unakwenda upande," akasema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Ndio utamu wake. Si umejionea?"

"Nimejionea, mama, na nimefurahi, Mungu anajua. Lakini kule kiwandani hatuna televisheni. Tuna meza."

Akatoa chaki kwenye mfuko wa shati, akauchora msalaba. Akaugeukia muhuri, kisha kapu lililojaa mipira ya Shangazi ambayo siku hiyo ilikuwa bado haijarudishwa kiooni, akasema mali ya kiwanda haiwezi kukaa nyumbani kwa mtu, itabidi aichukue yote. Kesho itaingia kwenye maboksi pamoja na mingine.

"Na misalaba?" muuguzi akauliza.

"Huwa tunaifuta."

"Na kiti changu?" Shangazi akauliza.

"Kina mtu, mama. Binti mzuri tu. Mpira wake hauyumbi hata kidogo."

Muuguzi alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kiunoni. Shangazi akamwambia ampishe mgeni. Msimamizi akavaa viatu, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka na kapu begani, na kapu letu wala hajalirudisha. Ngozi ya mipira ile haiuzwi dukani, kwa hiyo Shangazi hakuwa na cha kushonea mingine.

Kwenye televisheni kijana alinyoosha mkono kwa refa. Akapewa mpira, akaupapasa, akaurudisha. Akapewa mwingine, akaurudisha. Refa alimaliza mfuko mzima. Kijana akaishusha mikono yake, akageuka, akawa anatazama sebuleni.

"Bonyeza basi, Shangazi," fundi akasema. "Atarusha wowote."

Shangazi akaiweka pedi mapajani, na mkono wa kushoto akauweka juu yake, wazi.

"Mwache," akasema. "Huyo anajua anachokitaka."