Katambuga za Duara Namba Saba

Asubuhi Monika alishusha kreti ya soda kwa kamba kwenye mdomo wa duara namba saba, akaifunga kamba kwenye nguzo ya winchi, akarudi jikoni kuchambua dagaa. Tangu shimo lile lititie mwezi wa pili lilikuwa linatoa baridi kali, na huku machimboni, nje kidogo ya Mwakitolyo, friji ni hadithi. Soda za Mama Limi, kama walivyomwita Monika kwa jina la mtoto wake, zilisifiwa mpaka Tinde. Ilibidi tu kuziangalia, maana zikikaa sana zinaganda na kupasua chupa.

Mume wake, Bujiku, alikuwa chini ya shimo hilo hilo pamoja na wenzake saba. Hayo ni maneno ya Monika. Bosi Bartholomeo, mwenye duara, alisema chini hamna mtu, na alikuwa na ushahidi.

Dhahabu haipendi viatu, kila mtu anajua. Mchimbaji akifika mdomoni anavua katambuga zake za tairi, anaziacha pale pale na kushuka peku. Hakuna anayegusa kiatu cha mtu aliye chini. Hata mkaguzi kutoka mjini, akitaka kujua wako wangapi shimoni, hajisumbui kuuliza, anahesabu viatu. Siku ya pili baada ya duara kutitia mkaguzi alikuja, akakuta mdomo mweupe, hamna hata ndara. "Basi hamna mtu," akasema, akaketi akala wali kuku. Wali huo aliupika Monika, analia, na mkaguzi akalalamika kwamba chumvi imezidi.

Siku iliyofuata makarasha ya kusagia mawe yakawashwa tena, yakanguruma juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwepo. Shemeji zake wa Ushetu waligoma kuanua matanga bila mwili wa kuzika. Monika akabaki hivyo, si mke, si mjane, na sufuria la ugali linamsubiri. Alichotaka ni kimoja: duara lifukuliwe, Bujiku atoke, mzima au maiti.

Sasa, chama cha wenye maduara kikaandaa safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro, kuhamasisha usalama machimboni. Kila bosi apande. Bartholomeo akipanda ngazi za baa yake tu anaita watakatifu wote, kwa hiyo alimtuma Onesmo, mtunza stoo. Onesmo na Monika walikuwa wenzi wa kazi wa miaka mingi. Stoo na jiko vinagawana ukuta, na umbea hupita kwenye tundu la ukuta huo. Onesmo akapewa koti la kuazima na bango lililoandikwa USALAMA KWANZA, na sura ya Bartholomeo imejaa katikati.

Alirudi midomo imebanduka na pua nyeusi kama kitako cha sufuria. Akaketi kwenye benchi la jikoni.

"Pole na safari," Monika akasema, akammiminia chai.

"Mama Limi, usiombe. Kule mtu unapiga hatua moja, unapumzika kama umezaa. Nimetapika supu, nimetapika chai, nikabaki natapika upepo. Waongozaji wanakuimbia tu, polepole, polepole. Nikasema moyoni, Bartholomeo, Mungu anakuona."

"Lakini ulifika."

"Nilifika. Jua ndiyo linachomoza. Nikafungua bango tupige picha, nikasikia mtu nyuma anasema, Onesmo, una tumbaku? Nageuka, ni Bujiku."

Monika akaendelea kuchambua dagaa. "Yuko na nani?"

"Wote wanane. Wamekaa kwenye jiwe, vumbi mpaka kope, tochi bado wamezifunga kichwani. Wanasema walisikia makarasha yanawashwa juu yao, wakajua huku hakuna anayekuja. Wakachimba upande mwingine. Wanasema mwamba ulikuwa mgumu, ila hawakuwa na shughuli nyingine."

"Amekonda?"

"Kidogo. Amekusalimia. Ameuliza kama Limi ameota meno."

Hapo Monika akaweka ungo chini na kujifuta macho kwa kanga. Alimkumbuka Bujiku anavyokoroma, akaukumbuka hata mkoromo wenyewe kwa mapenzi, jambo ambalo hakuwahi kulitegemea.

"Kwa nini hashuki?"

"Peku, Mama Limi? Kule ni barafu na mawe makali, wanaoteremka na buti wenyewe wanang'oka kucha. Wanataka katambuga zao." Onesmo akanywa chai. "Aliniuliza ziko wapi. Nikamwambia sijui."

Monika akamtazama miguuni. Onesmo alikuwa amevaa katambuga nzuri za tairi la lori, kamba ya kulia imeungwa kwa waya wa shaba. Waya huo aliufunga Monika mwenyewe.

"Bosi alisema nizikusanye kabla mkaguzi hajafika," Onesmo akasema. "Nyingine tulichoma. Hizi nikaona bado nzima."

Akazivua, akazisogeza kwake kwa kidole gumba cha mguu, akaenda zake peku.

Monika alimfuata siku hiyo hiyo, akamshika mkono kama mtoto aliyevunja chungu, wakaingia ofisini kwa bosi na simu yenye picha ya kileleni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Mama Limi." Bartholomeo akaikuza picha. "Ala, Onesmo! Mbona umenikunja shavu?" Kisha akaangalia nyuma ya bango. "Huyu si Bujiku? Na huyu yule mvivu wa Bukombe. Wazima?"

"Wazima, bosi. Baridi tu."

"Mungu mkubwa. Si niliwaambia shimoni hamna mtu?"

"Walikuwemo," Monika akasema.

"Walikuwemo. Sasa wamo?"

"Naomba duara lifukuliwe, bosi. Warudi kwa njia waliyopita."

"Mama Limi, nakuheshimu. Lakini nifukue shimo la Mwakitolyo kutafuta watu walioko Moshi? Watu wenyewe wameacha kazi bila kuaga, wamekwenda kutalii." Akamrudishia Onesmo simu na kumwagiza picha ile ichapwe kubwa, itundikwe ukutani. Kisha akawaza kidogo. Kama duara ni tupu, hakuna sababu ya kulilaza bila kazi. Wiki iliyofuata akaleta wachimbaji wapya kutoka Geita, wakatoboa kijia pembeni ya kifusi, na matimba ya zamani, magogo ya kushikilia kuta, yakaegemezwa upya, yale yale yaliyooza.

Kiongozi wao alikuwa Edson, kijana mwenye adabu. Monika akafunga katambuga za Bujiku ndani ya sweta, pamoja na michembe ya viazi vikavu, akampa.

"Ukifika mwisho, penye tundu dogo la mkono linalotoa upepo, sukuma humo."

Jioni Edson akapanda na salamu. "Zimepokelewa, mama. Kuna mkono umezivuta. Una kovu hapa, chini ya gumba."

"Ndiye."

"Wamesema wabeja sana, wanashukuru. Wanavaa kwa zamu. Wanaomba nyingine saba, ndipo washuke pamoja. Hawataki kuachana."

Kesho yake, Edson na wenzake wakiwa chini, ardhi ikakohoa, duara likatitia tena. Onesmo akapita jikoni peku, gunia lililojaa nusu begani.

"Unakwenda wapi na gunia?"

"Kumalizia kukusanya viatu. Mkaguzi anakuja leo."

"Si wamo chini?"

"Wamo. Bosi kasema safari hii tuwahi, mara ile nusura tuchelewe."

Monika alimnyang'anya gunia pale pale. Alijua akilitupa shimoni vile viatu vitamfikia Bujiku, na mumewe ataanza kushuka mlima siku hiyo hiyo. Lakini bila viatu mdomoni, Edson na wenzake nao hawapo. Alisimama mdomoni na gunia hilo, akalia kwa sauti, akamtukana Bartholomeo, akamtukana na mama yake. Kisha akaenda kwenye ghala la makarasha kuokota na katambuga ambazo Onesmo alikuwa ameshazipeleka huko, akazipanga zote kwenye mdomo wa duara, jozi kwa jozi, kisha akaketi nyuma yake, baridi ikimpuliza mgongoni. Mkaguzi ahesabu. Aone kuna watu.

Mkaguzi alifika na Bartholomeo. Akaziangalia katambuga zile, zilivyonyooka, na mama ameketi nyuma yake na kreti ya soda.

"Jozi moja bei gani, mama?"

"Hizi haziuzwi! Ni za watu. Wako chini, wasikilize!"

Nyundo zilisikika chini, hafifu.

"Anapenda kupandisha bei," Bartholomeo akasema, akicheka. "Tunawaachia akina mama wafanye biashara ndogondogo."

"Jambo jema," mkaguzi akasema. Akavua kiatu chake, akajaribu katambuga ya Edson, akatembea nayo kidogo, akaona inambana. Akairudisha. Akaandika kwamba hamna mtu, akaomba soda, akausifu ubaridi wake, kisha akauliza kama wali kuku uko tayari, na kama safari hii chumvi imepunguzwa.